Fundi wa Kuziba Bwawa

Fundi anayetuzibia bwawa la bustanini huvua viatu kabla ya kushuka, kisha hupapasa ukuta kwa kidole gumba, taratibu, kama anayetafuta kipele kwenye ngozi ya mtu. Akikuta ufa huguna tu. Huuchimbua kwa ncha ya bisibisi, huujaza saruji, na ikishakauka hupaka juu yake dawa nyeusi ya kuzuia maji, mkono mmoja ukipaka, mwingine umeshika ukingo muda wote. Si mtu wa maneno. Mke wangu akimuuliza kama litavuja tena, hujibu, "Halitavuja, mama," kwa sauti ya mtu anayeleta habari mbaya.

Jana mjukuu wetu alikuja mbio mpaka ukingoni, mguu ukateleza. Fundi akatupa brashi, akamdaka kabla hajafika chini, gauni lote likachafuka dawa. Mtoto akaangua kilio. Mke wangu akanyoosha mikono.

"Basi, fundi. Nipe mtoto."

Hakumpa. Alikuwa amemwinamisha kichwa, anampigapiga mgongoni.

"Ngoja kwanza, mama," alisema. "Ngoja maji yamtoke. Safari hii yatatoka."

Bwawa lilikuwa kavu. Tulikuwa bado hatujatia maji hata tone.