Chujio Tulilojenga Chamazi

Daktari wa masikio alimwambia mume wangu asizame tena. Alimwambia mbele yangu, kwa upole, huku akituonyesha kwenye picha ya ukutani sehemu iliyoharibika. Kuogelea juujuu, sawa. Kwenda chini, hapana, hata mara moja. Mume wangu akaitikia, akashukuru, tukatoka. Tukapanda daladala kurudi nyumbani Chamazi.

Yeye ni mtu wa Mtoni, baba na babu zake wote wa pwani. Tangu ujana kazi yake ilikuwa kuzama: kukagua matumbo ya meli, kukata nyavu zilizojisokota kwenye panga za injini, na miaka ya mwisho kuwapeleka wageni kutazama matumbawe. Mie nimezaliwa Kondoa, ambako maji ya kina kirefu ni ya kisimani. Nafundisha baiolojia sekondari, na samaki naweza kumchora ubaoni nimefumba macho, lakini bahari yenyewe niliijua kwa kusimuliwa. Jioni, akinywa chai, alikuwa akinieleza alichokutana nacho kule chini. Baada ya siku ile ya daktari masimulizi yakakoma. Akapata kazi ya stoo kwenye duka la vipuri vya boti. Anarudi, anakula, anatazama mpira, analala.

Ndipo simu ikaja kutoka kwa mzee mmoja wa Mbweni ambaye mume wangu aliwahi kuwafundisha watoto wake kuogelea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia habari za masikio yako, pole sana. Sikiliza, mie nahamia Arusha kwa binti yangu. Humu ndani nina bahari ndogo ambayo siwezi kuibeba, na sitaki kumuuzia mtu asiyeijua. Njoo uichukue."

Tulikwenda wote. Lilikuwa tangi la kioo refu kama kitanda cha mtoto. Ndani mlikuwa na mawe ya zambarau, matumbawe laini yaliyokuwa yakipunga kama vidole, na samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Mume wangu alichuchumaa taratibu mpaka uso wake ukawa sawa na maji, akabaki hapo. Mzee akanitazama, akatabasamu, hakumkatisha.

"Tatizo ni chujio," alisema baadaye. "Hili langu ni mkebe uliofungwa. Uchafu unanaswa humo humo, unaoza humo humo. Tangi na mkebe chukueni leo. Viumbe nitawatunza kwenye pipa mpaka mtakapokuwa na chujio la maana."

Wikiendi iliyofuata tulikwenda Kinondoni kwenye duka la vifaa vya samaki wa mapambo. Muuzaji alituonyesha mikebe mikubwa zaidi, mizuri, inayong'aa. Mume wangu alikuwa tayari kuchukua mmoja. Mie nikauliza swali la darasani: "Uchafu ukishaingia humu, unakwenda wapi?"

Muuzaji akacheka. "Hauendi popote, mama. Unabaki mpaka ufungue uoshe."

"Basi ni ule ule wa mzee, umenenepa tu," mume wangu akasema. Nilimtazama. Ulikuwa muda mrefu sijamsikia akitania.

Tukaamua kujenga. Nilileta chaki kutoka shuleni, naye akachora chujio kwenye sakafu ya sebule kwa ukubwa wake halisi. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, ikabidi apite pembeni ya mchoro akienda kuswali. Mpango wenyewe haukuwa mgumu. Maji yangeshuka kwa bomba kutoka tangi la juu hadi tangi dogo la chini, lililogawanywa vyumba kwa vipande vya kioo. Chumba cha kwanza kina soksi ya kitambaa ya kunasa makombo, na mashine ya kutengeneza povu linalobeba uchafu hadi kwenye kikombe chake. Cha pili kina mawe na mwani chini ya taa: bakteria wa kwenye mawe wanabadili sumu itokanayo na kinyesi cha samaki, na mwani unakula kinachobaki. Cha mwisho kina pampu ya kurudisha maji juu.

Fundi vioo alitutobolea tundu na kukata vipande. Mashine ya povu ndiyo pekee tuliyoshindwa kuiunda, tukarudi Kinondoni kuinunua. Soksi alishona jirani yetu fundi cherehani, kwa kile kitambaa kizito kinachowekwa ndani ya kola za makoti. Alipoileta aliinyanyua juu watu wote waione. "Mwalimu, niambie ukweli. Mnafuga tembo?" Hakukubali malipo. Alitaka tu kumwona huyo atakayeivaa.

Siku ya majaribio tulijaza maji ya bomba. Maji yakashuka, yakapita vyumba vyote, yakapanda. Tulisimama tukiyaangalia kama watu wanaoangalia mtoto anayeanza kutembea. Mara LUKU ikaisha, umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza, lakini maji hayakunyamaza. Yalirudi kupitia bomba lile lile la kupandishia, tangi la chini likafurika, na zulia likaanza kuelea.

"Yallah!" mama mkwe akapiga kelele kutoka kwenye kochi, miguu juu. "Bahari imetufuata mpaka Chamazi!"

Mume wangu alikuwa amepiga magoti majini na tambara mkononi. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji, nami nikakaa karibu yake. Kesho yake alitoboa tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo tu ya usawa wa maji, ili umeme ukikatika tundu livute hewa na maji yaache kurudi.

Maji ya chumvi tuliyateka Mbweni wakati bahari imejaa, tukayachuja kwa kanga. Majirani walimshauri mume wangu aende akavunje matumbawe mengine mwambani, akakataa katakata. "Ya baharini yabaki baharini. Haya yametosha." Mawe ya mzee yalitangulia peke yake, wiki kadhaa, huku mie nikipima maji kwa matone kwenye vichupa. Rangi ilipoonyesha kuwa sumu imekwisha, viumbe wakaja kwa kirikuu, kile kigari cha mizigo, mume wangu amekaa nyuma akiyakumbatia madumu. Siku chache baadaye kikombe cha mashine ya povu kilijaa maji ya kahawia yenye harufu kali. Mama mkwe akachungulia. "Maskini! Haya yote walikuwa wanayanywa?"

Kisha, Jumamosi moja ya joto, transfoma ya mtaa ikaungua. Mume wangu alikuwa kazini. Tulikuwa na pampu ndogo ya betri kwa dharura, lakini kufika mchana betri ikaisha. Samaki wakaja juu, wanahema midomo wazi. Matumbawe yakajikunja. Nilimpigia.

"Teka maji kwa jagi, uyamwage kutoka juu yapate hewa," alisema. "Msiache. Nakuja."

Nikaanza. Mama mkwe akanipokea mkono ulipochoka, akimwaga na kusoma dua. Fundi cherehani alisikia sauti ya maji dirishani, akaja kuuliza, akavua viatu, akashika jagi. Akamwita jirani anayechoma chapati, naye akaja na unga mikononi, akanawa kwanza. Tukapokezana hivyo, tukizungumza habari za mtaa, majagi yakipanda na kushuka. Hakuna aliyeuliza kwa nini wanawake wazima tuhangaike hivyo kwa samaki wasioliwa. Mtu mmoja akaenda kumwambia kinyozi wa barabarani, mwenye sola. Kinyozi alifunga saluni yake siku ya wateja, akaja na betri na inveta kwenye toroli.

Mume wangu aliingia wakati pampu inaanza kunguruma. Alikuta sebule imejaa watu, sakafu maji matupu, mama yake amelowa mpaka mabegani. Akawatazama samaki, wameshashuka kwenye jiwe lao. Akamshika kinyozi mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia upesi. Fundi cherehani akadakia: "Haya shemeji, chai iko wapi?"

Tuliibadili pampu. Ile kubwa ilikuwa inakula umeme kama pasi, na tuliichagua kwa sababu tu ilikuwa kubwa. Sasa tuna ndogo inayokwenda kwa betri moja kwa moja, na mwani tumeuongeza. Tumbawe moja halikupona. Mengine yalifunguka tena polepole, na siku zote yanapofunguka asubuhi nawakumbuka wale waliomwaga maji. Nawakumbuka kwa majina katika dua, na mzee wa Mbweni pamoja nao, ambaye kila Ijumaa hupiga simu ya video kutoka Arusha tumwonyeshe wanaendeleaje.

Mwezi uliopita samaki walitaga. Mayai yalikuwa kama punje za ulezi zilizobandikwa kwenye jiwe, na mama mkwe ndiye aliyeyaona kwanza. Jioni ile majirani walijaa tena, safari hii wakiwa wakavu. Mume wangu alikaa kwenye kigoda karibu na kioo, akaeleza.

"Huyu mdogo anayepepea mayai kwa mapezi ndiye dume. Yeye ndiye anayelea. Jike limeshamaliza kazi yake, linazunguka tu."

Fundi cherehani akamgeukia kinyozi. "Umesikia lakini?"

"Nimesikia, dada. Ila mie siyo samaki."

Watu wakacheka. Mume wangu akaendelea: jinsi alivyowahi kuwakuta wengi kama hawa kwenye mwamba, jinsi dume moja lilivyomfukuza likimgonga kwenye kioo cha miwani, yeye mtu mzima na mitungi mgongoni. Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Nikasogeza kiti changu karibu.