Mzigo Mzito Ni Chakula

Kuna siku ninapakia baiskeli hata kama sina pa kwenda. Ninaweka begi kwenye keria, ninalikaza kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, ninazunguka nyumba, halafu ninashusha kila kitu na kuanza upya. Majirani wetu wa mtaa wa Nawoitorong, Lodwar, wamezoea. Zamani waliuliza, "Leo ni wapi?" Siku hizi wanauliza, "Leo bado?" Mimi huinama na kujifanya ninaangalia mnyororo. Maneno hunijia yakiwa yamechelewa, mtu akishapita.

Begi lenyewe nililipata Kakuma. Ukitaka vitu vya safari katika upande wetu, usihangaike na maduka ya Lodwar. Nenda kule Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, wakati kuna watu wanaopelekwa ng'ambo. Mtu aliyeishi pale miaka mingi, siku jina lake likitoka, hugawa au huuza karibu kila kitu: sufuria, godoro, redio, na wakati mwingine begi lililomfikisha. Langu lilikuwa la kijana Mkongo wa umri wangu. Lina mkanda mpana wa kiunoni, na mgongoni kuna fito mbili nyembamba za chuma zinazofanya uzito ukae kwenye nyonga badala ya mabega.

"Mufuko hii ni ya nguvu, ndugu," aliniambia. "Nilitoka nayo kwetu. Mvua yote ilinipigia mu njia, na mu ndani haikuingia hata tone."

"Sasa mbona unaiacha?"

"Kule nakwenda kuko baridi. Mie nataka koti."

Nami nilikuwa na koti. Lilikuwa zito, lenye manyoya ndani, limetoka kwenye robota la mitumba. Katika joto la Lodwar hakuna aliyelitaka isipokuwa kuku, ambaye alikuwa ametagia ndani ya mkono wa koti. Safari iliyofuata nililikung'uta nikampelekea. Alilivaa palepale, jua likiwa utosini, akatembea nalo hadi kwao huku watoto wakimfuata na kumzomea. Sijawahi kuona mtu aliyefurahi vile.

Baada ya kupata begi nilianza ugonjwa wa kupima vitu kwa mkono. Nikishika kijiko, nauliza kama kina haja ya kuwa kirefu hivyo. Nilikata mkeka nikabaki na kipande cha mgongo tu. Niliacha shuka, nikabeba leso kuukuu. Pampu, viraka, gundi na tyubu moja ya akiba sikuvigusa, kwa sababu huku kwetu miiba ya mti wa mathenge imetapakaa kila mahali, na mwiba mmoja unaweza kukugeuza mtembea kwa miguu. Maji pia sikuyapunguza. Ukicheza na maji katika barabara ya Kakuma, utaokotwa.

Kilichobaki kuwa kizito ni chakula. Unga, mafuta, chumvi, sufuria ya kupikia huo unga. Nilikuwa natamani kufika Namoruputh, natamani kufika Lowarengak nione Ziwa Turkana kutoka kule kaskazini, na kila nilipopiga hesabu ya njia, chakula ndicho kilichojaza begi.

Kanisani kwetu vijana hufunga siku za Ijumaa. Wenzangu walipofunga walitafuta kivuli wakalala hadi jioni. Mimi nilipanda baiskeli, nikavuka mto Turkwel, nikaendelea. Nilishangaa. Kuanzia saa fulani njaa iliacha kuuma, mwili ukawa mwepesi, na mawazo yangu, ambayo siku zote hurukaruka kama panzi, yakatulia. Sikuwahi kutulia hivyo, wala darasani, wala kanisani, wala kitandani. Nikajiambia kwamba nimepata kifaa bora kuliko vyote, kisicho na uzito. Nikijifunza kutokula, nitafika popote.

Basi Ijumaa ikaanza kuingia Jumamosi, na Jumamosi ikaingia Jumapili.

Sikumwambia mtu. Lakini naishi na nyanya yangu, mama yake mama, ambaye ndiye aliyenilea. Ninamwita Ata, kama tunavyoita nyanya kwa Kiturkana. Ata huniwekea chakula na kukifunika kwa sahani nyingine. Jioni moja alifunua, akakuta kiko vilevile.

"Umekula kwa nani?" aliuliza. Kwake hiyo ni aibu, kijana wa nyumba yake kula kwa watu.

"Sijakula, Ata. Nimefunga."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ni maombi."

"Maombi ya nini? Si huwa tunaomba chakula? Umeletewa, unakataa. Mungu atakuelewa vipi wewe?"

Nilicheka. Yeye pia alicheka, nikafikiri yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Nilirudi kutoka mbio zangu za Jumapili, nikamkuta mama jirani amesimama kwenye lango letu, mikono kiunoni. Huyu mama ndiye anayemsindikiza Ata kliniki.

"Wewe kijana, unajua nyanya yako hajaonja kitu tangu jana? Hata chai. Na dawa ya presha haimezwi kwa tumbo tupu, daktari alisema mbele yangu. Kwa hivyo dawa pia hajameza. Amesimama asubuhi, ameshika ukuta. Ukuta! Unataka tumzike ndio ujue ulikuwa unaomba nini?"

Nilimkuta Ata amekaa mlangoni, macho makavu, midomo myeupe.

"Ata, kwa nini hukuli?"

"Wewe umekula?"

"Mimi nimefunga."

"Basi na mimi nimefunga. Tuone nani anaomba vizuri."

"Lakini wewe una dawa. Wewe kula tu."

"Nikule, nikikuangalia una njaa? Mimi ni fisi?"

Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelisikia, na alilisema akitazama mchanga. Alipokuwa msichana mdogo kulikuwa na ukame uliomaliza mifugo ya baba yake. Kila jioni mama yake alimpa maziwa kidogo yaliyopatikana, akamwambia, "Kunywa, mimi nimeshakula." Naye akanywa. Alikunywa yote, kila jioni, akalamba kibuyu. Mama yake hakuwa amekula. Mvua iliponyesha, aliyebaki wa kuiona alikuwa Ata peke yake.

"Tangu hapo, mtu akiniambia nimeshakula, mimi sisikii kitu," alisema. "Nataka nione mdomo ukitafuna."

Nilikula jioni hiyo. Aliniangalia hadi tonge la tatu au la nne, ndipo akavuta sahani yake. Kisha akameza dawa zake, akalala. Nilipaswa kutosheka. Lakini miguu yangu haikukaa. Nililala chali nikiikunja na kuinyoosha kama mtu anayeendesha, na kichwani panzi walikuwa wamerudi wote.

Wiki hiyohiyo nilipata ujumbe kutoka kwa fundi baiskeli wa Kakuma, rafiki yangu. Alisema, "Buda, kuna hema hapa ya mtu mmoja, nyepesi kama paka. Mwenyewe anasafiri. Anataka redio ya sola kama ile yako. Kuja mbio kabla iende."

Nikapanga. Ningekwenda kwa maji matupu, Lodwar hadi Kakuma bila kutia kitu mdomoni, nijue kama kifaa changu kinafanya kazi. Na kwa kuwa Ata hangeniona, hangekuwa na sababu ya kukaa na njaa. Nilidhani nimepata njia ya kutuachilia sote wawili.

Asubuhi ya safari nilimkuta ameamka kabla yangu. Mkononi alikuwa na kopo la maziwa ya unga, limejaa nyama iliyokaushwa na kukaangwa, imezamishwa kwenye mafuta yake yenyewe. Nilipolishika, nilihisi kila kitu nilichowahi kukikata kimerudi.

"Ata, litaniongezea uzito."

"Likiwa tumboni halina uzito."

Akakaa mlangoni. Kando yake kulikuwa na dawa juu ya kigoda, na simu ya mama jirani mapajani, kwa sababu yake ilikuwa imeharibika.

"Ukikula, piga. Nikisikia, na mimi nitakula."

"Na pale pasipo na netiwaki?"

"Basi tutangoja."

Niliondoka. Upepo wa asubuhi ulikuwa mgongoni, nikavuka daraja la Kawalase kama mtu aliyetupwa. Lami ni nzuri siku hizi. Ngamia walikuwa kando, wakinyoosha shingo. Mwili ulikuwa mwepesi, mawazo yakaanza kushuka chini moja moja, nikajisikia vile nilivyokuwa nikitaka.

Nikasimama mara moja nikatoa simu. Netiwaki ilikuwepo. Neno lilikuwa tayari: nimeshakula. Nani angejua? Angekula, angemeza dawa, na mimi ningeendelea na safari yangu. Nililifungua neno hilo mdomoni, likakataa kutoka. Nilimwona akilamba kibuyu. Nikarudisha simu mfukoni, nikajiambia, kidogo mbele nitaamua. Kidogo mbele. Nikakanyaga. Nilipoangalia tena, netiwaki ilikuwa imepotea.

Hapo ndipo safari iliharibika, ingawa baiskeli ilikuwa bado inakwenda. Kila kilima kidogo nilitoa simu, hakuna. Jua likapanda. Nikaanza kumwona pale mlangoni, dawa juu ya kigoda, akiitazama simu isiyolia. Mtu mwenye presha, tangu jana jioni, kwa sababu ya mtu anayejaribu kifaa. Nyuma kulikuwa mbali na upepo ungekuwa usoni. Mbele sikujua netiwaki inaanzia wapi. Nikaongeza mwendo.

Mwiba ukanipata kwenye gurudumu la nyuma. Kuziba pancha ni kazi niifanyayo nikiongea, macho yakiwa kwingine. Siku hiyo gundi ilianguka mchangani, kiraka kikakaa upande, nikakibandua, nikaanza tena. Nilipopanda, miguu haikuwa yangu. Ule wepesi ulikuwa umeondoka na haukuacha kitu mahali pake. Nilikanyaga, pedali ikashuka polepole kama iko matopeni. Watu wa bodaboda walinipita wakipiga honi. Nilitembea, nikisukuma baiskeli. Nikajua kwamba kwa mwendo ule ningefika penye netiwaki jua likiwa limelala, na yeye angekuwa bado amekaa.

Nikafungua kopo. Nilikula nimesimama, kwa vidole, mafuta yakinitiririka hadi kiwikoni. Sikusikia ladha. Nilikula kama mtu anayetia mafuta pikipiki, nikanywa maji, nikafunika, nikapanda. Nguvu haikuja mara moja. Nilikuwa nikiitukana. Halafu ikaja, kwanza mapajani, na nikaendesha kama sijawahi kuendesha, bila kutulia hata kidogo, huku mawazo yote yakipiga kelele. Mlima Pelekech ulipoanza kuonekana vizuri mbele, simu ilitikisika mfukoni, netiwaki imerudi.

Nilipiga nikiwa bado nahema.

"Wewe!" Alikuwa mama jirani. "Huyu mama amekaa hapa mlangoni tangu uende. Nimemwekea uji, anauangalia tu kama nyoka. Ngoja. Ongea."

Nikasikia simu ikipita mkono hadi mkono.

"Umekula?"

"Nimekula, Ata."

Nilisikia kuku wetu, na mtu akifagia.

"Chini kuna nini?" aliuliza.

"Chini wapi?"

"Chini ya kopo."

Nilikuwa nimekula ya juu tu. Nikabana simu kwa bega, nikafungua kopo, nikaingiza mkono hadi kifundo. Chini kabisa, chini ya nyama yote, vidole viligusa kitu laini.

"Ni nundu," nilisema. "Mafuta ya nundu ya ngamia." Hayo huwa anaweka kwa ajili ya wageni tu, na mimi hanigawii.

"Hiyo umeiona. Umeikula?"

"Bado."

"Aah! Umesema umekula."

"Nimekula nyama, Ata, naapa. Nundu ndiyo sijafika."

"Sasa fika. Weka simu karibu na mdomo nisikie."

Nikatia nundu mdomoni. Nundu haikubali haraka, inateleza na kurudi, na unapaswa kuikazania. Nilitafuna kando ya lami, simu ikiwa imenata mafuta shavuni. Bodaboda mmoja aliyebeba magunia alipunguza mwendo kunitazama.

"Buda, unakula simu?" akapaza sauti, akaondoka akicheka.

Kwa mara ya kwanza jibu lilinijia kabla mtu hajapita. Lakini mdomo ulikuwa umejaa.

Upande wa pili nilisikia kijiko kikigonga bakuli. Akapuliza uji. Akanywa, kwa sauti, kama anavyokunywa. Mama jirani akasema, "Haya, sasa dawa, mama. Meza mbele yangu."

Nilidhani amemaliza, nikaweka mguu mmoja kwenye pedali. Hema huenda lilikuwa bado lipo, huenda limeshakwenda.

"Unaenda wapi?" Ata aliuliza. Sijui alisikia nini.

"Kakuma."

"Kakuma haikimbii. Mimi bado nakula."

Nikashuka. Nililaza baiskeli, nikakaa kwenye changarawe karibu nayo, nikachukua kipande kingine.