Mlango wa Rangi Mbili

Yule fundi makochi watu walimwita Mama Misumari, maana akiwa kazini misumari huiweka mdomoni na kuitema mmoja mmoja kama anayekula mbegu. Akishaijaza, hata aje nani, hajibu. Mumewe alipofariki, karakana akaibeba yeye. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaja eti kumsaidia, akashika simu zaidi ya nyundo. Baadaye akaaga, akafungua duka lake mtaa wa pili, karibu na kituo cha mafuta.

Wateja wakakauka. Mama Misumari akadhani ni ugumu wa maisha tu, mpaka siku mkwe wake, mke wa mwanawe, alipoingia na simu mkononi, uso umemvimba kwa hasira.

"Mama, hebu tazama. Hili si lile kochi la mwalimu?"

Lilikuwa lile lile, la kijani, lenye vifungo mgongoni, lililommaliza kucha. Na lingine. Na lingine. Kazi za mikono yake zote, na chini ya kila picha namba ya shemeji na maneno: tunatengeneza wenyewe. Kumbe siku zile za kusaidia alikuwa anazipiga picha! Na ukiiuliza simu fundi makochi yuko wapi, ramani inakupeleka kituo cha mafuta. Mama Misumari mwenyewe humo hakuwemo, kama hajazaliwa.

"Nitamnyonyoa," akasema. "Nitamnyonyoa abaki ngozi."

"Tuite wakubwa wa familia wamseme, Mama."

"Wamseme, wanywe chai yangu, waondoke? Huko huko alikoniua ndiko nitakakomzika. Nionyeshe hiyo simu inavyoshikwa."

Akazipitia picha upya, polepole, kisha akacheka. Nyuma ya kila kochi ulionekana mlango wake: juu bluu, chini nyekundu. Marehemu aliupaka, bluu ikamwishia katikati, akamalizia na rangi iliyokuwepo. Majirani waliwacheka, na kwa sababu walicheka, Mama Misumari akaapa haubadilishi. Shemeji alihakikisha sura ya mwenye kazi haionekani. Mlango akausahau.

"Anza na huu mlango."

Mkwe akaupiga picha. Akaiweka karakana kwenye ramani, akaandika jina, namba ya simu inayopokelewa kweli, na saa za kufungua na kufunga. Mama akaongeza lake: "Andika, ukiona bluu juu nyekundu chini, umefika." Kila asubuhi akakaa mbele ya mlango ule, akalitoa kochi kuukuu matumbo huku simu inatazama, akieleza sponji ya kweli na ya kudanganyia kwa sauti yake ile ile ya kufoka. Mwalimu akaombwa aandike alivyoliona kochi lake, akamwaga nyota zote. Mtu akiuliza swali, halali nalo: Mama anasema, mkwe anaandika.

Mmoja akauliza, "Mbona mlango huu nimeuona kwa yule wa kituo cha mafuta?"

Mkwe akataka kumwaga yote. "Acha," akasema Mama. "Mjibu hivi: wa kwetu unafunguka, njoo uufungue."

Basi watu wakaanza kumsumbua shemeji: mlango wako uko wapi? Mwenye akili angezifuta zile picha. Shemeji akanunua rangi.

Habari ikafika haraka. Mama Misumari akamkuta amechuchumaa mbele ya mlango wa duka lake, bluu keshamaliza, anahangaika na nyekundu. Mkwe alikuwa ameinua simu, na watu kibao wanafuatilia moja kwa moja.

"Shemeji, hujambo? Nyekundu imepanda mno hapo, ishushe kidogo."

Akageuka, brashi inachuruzika. "Aa, shemeji! Karibu. Hiyo simu ya nini?"

"Salimia watu. Wanakuona."

Akapunga brashi. Alipoelewa, rangi ilikuwa imeshamfika kwapani.

Kesho yake akaja karakanani, kucha bado nyekundu. "Shemeji, ile video ifute. Wateja wote wamenikimbia. Sisi ni ndugu. Kaka angekuwepo..."

"Kaka yako ndiye aliyeupaka mlango uliouiba. Usimtaje humu." Akamwonyesha kochi lililoletwa asubuhi kurekebishwa. "Kaa kwanza."

Shemeji akalitazama, akalitambua, akabaki amesimama.

"Kaa bwana! Kazi yako mwenyewe unaiogopa?"

Akakaa. Ubao ukamgonga makalio, magunia yaliyoshindiliwa mahali pa sponji yakachungulia pembeni. Akang'ata meno asilie.

"Mama," mkwe akanong'ona, huruma imemshika kidogo, "niifute?"

Mama Misumari akachota misumari kiganjani, akaijaza mdomoni, akaokota nyundo. Kisha kwa ncha ya nyundo akamwelekeza mkwe wake mlangoni, aanze kurekodi video ya leo, na shemeji yumo, kakalia kochi lake.