Siku Niliyoshindwa Kutoka Kwenye Mzunguko wa Mawe

Jamani, nicheke mimi kwanza ndipo na ninyi mcheke, maana aibu hii ukiwaachia watu waisimulie peke yao wanaitia chumvi, na kwa kweli haihitaji chumvi hata punje: mimi, fundi cherehani mwenye akili zangu timamu, niliwahi kulizunguka rundo la mawe mara saba mchana kweupe, mbele ya nusu ya watu wa Goma, mbele ya Bwana wa barabara na karani wake, nikashindwa kutoka, na hakuna aliyenifunga kamba.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nami nilikuwa nimeoa miezi minane tu (shikeni hilo la kuoa, ndilo lililoniponza). Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya duka moja pale njia nne zinapokutana, moja ikishuka kutoka Kibati, moja ikienda ziwani, moja ikielekea Sake na moja ikiingia sokoni. Kamio, yaani malori, za samaki kutoka Vitshumbi zilishuka pale mbiombio ili mzigo usioze, na akina mama wa Kibati nao walishuka kwa miguu na vikapu vya viazi, na watu wa baiskeli, na wenye ng'ombe, na kila mmoja akiamini kwamba barabara ni yake na wengine wamealikwa tu. Mimi nashona, huku nasikia breki zinalia, na kila zikilia sindano inakwenda kombo. Mwishowe kamio moja ikampiga Mama Veronika, muuza maharagwe, ikamvunja mguu. Tulimbeba mpaka hospitali juu ya mlango wa duka, naye njiani anauliza nani anaokota maharagwe yake.

Basi akaja mzungu mmoja wa mambo ya barabara, tukamwita Bwana Kamba kwa sababu hakuona kitu bila kukipima kwa kamba. Jumapili moja baada ya misa, karani wake, Bonifasi, mtu wa Butembo, akasimama nje ya kanisa na kututangazia kwamba Bwana ana mashauri mawili kwenye karatasi. La kwanza, kuweka mzunguko pale njia panda, kila gari lizunguke polepole. La pili, kama mzunguko hautafaa, kuifunga kwa seng'enge njia ya miguu ya watu wa Kibati, ili akina mama wapite nyuma kule, juu ya yale mawe ya volkano yanayokata nyayo, mwendo wa saa nzima na mzigo mgongoni. Kabla ya kuamua, Bwana anataka kusikia mawazo ya wenyeji, na Jumamosi tutaujaribu huo mzunguko kwa miguu yetu.

Hapo ndipo udadisi uliponikamata. Mzungu anatuuliza sisi? Muzee mmoja pembeni yangu alitema mate na kusema, "Wakikuuliza, ujue wameisha kata shauri." Lakini mimi sikutaka kusikia hayo, mimi nilitaka kujua: mawe yatasimamishaje kamio yenye breki mbovu? Ng'ombe naye atazunguka, au yeye ana ruhusa ya kukata katikati? Na wakiingia wote kwa pamoja, nani anamwachia nani, mkubwa kwa umri au mkubwa kwa gari? Nilimfuata karani na maswali hayo Jumatatu, nikamfuata Jumanne, na Jumatano aliponiona kwa mbali akajifanya anasoma karatasi.

"Fundi," akaniambia bila kuinua macho, "kuja samedi, ujionee mwenyewe. Mie sina mudomo mbili."

Jumamosi nikafika wa kwanza, nimevaa shati jeupe nililojishonea mwenyewe. Mawe yaliyopakwa chokaa yalikuwa yamepangwa duara, katikati kuna rundo, na kila njia imeachiwa mlango. Nikalizunguka kwa macho, nikaingia, nikatoka, nikapima kwa hatua, nikaona ni kitu kizuri kweli, na nikajiuliza ni nani duniani aliyewaza kwanza kwamba mtu akitaka kwenda mbele apinde kando. Watu wakajaa. Bwana Kamba akakaa kwenye meza na karatasi yake kubwa na wino wake na saa yake. Karani akaleta nyungo tano zilizoazimwa sokoni.

"Tunatafuta batu batano bakuwe kamio," akasema. "Kila mutu anashika lungo, ile njo volani. Nani wa kwanza?"

Kila mmoja anatazama vidole vyake vya miguu. Na mimi, badala ya kutazama vyangu, nikainua mkono. Huo mkono, jamani! Laiti ningekuwa nimeushonea mfukoni siku ile.

Nikapewa ungo wangu, ndio usukani. Kazi yangu, mimi ni kamio inatoka ziwani, naingia, naliacha rundo upande wa kushoto, mlango wa kwanza ni wa soko naupita, wa pili ni wa Kibati, ndio natokea. Kurudi nyuma ni mwiko, kuruka mawe ni mwiko. Wale wanne waliojitokeza baada yangu, na vijana watatu wa baiskeli, na Muzee mmoja mwenye ng'ombe, kazi yao ni kumfuata wa mbele. "Fuata ya mbele, basi," karani alisema mara mbili ili wasikosee.

Nikaingia, nikinguruma kwa mdomo (ndiyo, nilinguruma, niliona kamio isiyonguruma haitashawishi mtu). Watoto wanashangilia. Naupita mlango wa soko vizuri kabisa, nazungusha ungo wangu, nauona mlango wa Kibati, na pale pale kwenye mlango, mguu wake umegusa jiwe, kikapu cha viazi mgongoni, akingoja kuvuka, amesimama mama mkwe wangu.

Sikujua kwamba karani alikwenda Kibati kuwaita akina mama waje na vikapu vyao kama siku ya soko. Na kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hasa ndoa ikiwa changa. Yeye akija kwangu, mimi natokea nyuma ya nyumba. Nikimwona njiani, naingia kwenye majani, yeye anajifunika kitambaa, anapita, kila mtu na heshima yake. (Jina lake hata leo silitaji, si kwamba nimelisahau.) Kutoka kwenye ule mlango ilikuwa nipite mbele ya pua yake, karibu kumkanyaga.

Nikafanya nini? Nikapitiliza. Nikasema moyoni, nizunguke mara moja tu, nikirudi atakuwa amekwisha kuvuka. Kumbe na yeye aliponiona alijifunika kitambaa usoni, na mtu aliyejifunika uso hawezi kuvuka barabara. Nikarudi, yuko pale pale. Nikapitiliza tena. Mara ya tatu yuko. Nyuma yangu wale wanne wananifuata na nyungo zao, wakidhani ndivyo mzunguko unavyofanya kazi, baiskeli zinafuata, ng'ombe anafuata, na sisi sote tunazunguka. Watu wameanza kuhesabu kwa sauti. "Ine! Itano!" Mwingine anauliza, "Sasa inaishaga saa ngapi, hii mambo?" Jasho linanitoka, shati jeupe limenata mgongoni, na nikiibia jicho mezani namwona Bwana Kamba anatazama saa, anaandika, anatazama saa, anaandika.

Mara ya saba likanijia wazo, nalo lilikuwa baya kuliko yote yaliyotangulia. Nikaona nijifunike uso kwa ungo, nipite kwenye ule mlango bila kumwona. Nikauinua. Sasa fikirini mtu aliyezunguka mara saba, kichwa kinazunguka bado, na mbele yake haoni kitu. Mlango nikaukosa, mawe nikayaruka bila kujua, na kilichonisimamisha kilikuwa meza ya Bwana Kamba. Meza ikaenda chini, wino ukaenda juu ya karatasi, mimi nikaenda juu ya wino, na wale wa nyuma, watu watiifu, wakanifuata mpaka pale. Ng'ombe peke yake ndiye aliyekuwa na akili ya kusimama.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bwana Kamba hakucheka. Alisimama akiitazama ile karatasi ikidondosha wino, akasema maneno machache kwa Kifaransa, na karani akayageuza polepole, kama mtu asiyependa ladha yake.

"Bwana anasema ameona. Anasema watu wa hapa hawawezi muzunguko. Ataweka seng'enge."

Kicheko kikakatika. Nikasikia akina mama wa Kibati wakiguna wote pamoja. Mmoja akauliza, "Seng'enge? Tupite juu ya mawe na mimba?"

Karani akanigeukia. "Fundi, sema basi. Ulikuwa unazunguka juu ya sababu gani?"

Nilijua jibu. Lilikuwa jibu fupi. Lakini kulisema ilikuwa nimtaje mkwe wangu mbele ya mkutano mzima, yeye akiwa amesimama pale pale, na mdomo wangu, ule uliomchosha karani kwa maswali wiki nzima, ukakauka. Nikatazama chini. Bwana akafunika chupa yake ya wino. Karani akaanza kuokota kalamu.

Ndipo ikasikika sauti ya mwanamke. Mama mkwe wangu alikuwa ametua kikapu chake, amenipa mgongo, kitambaa bado kichwani. Alisema na karani, hakusema na mimi.

"Karani, ambia Bwana asiandike vile. Ule mutu hakushindwa na njia. Mie njo nilimufungia. Mie ni mama ya bibi yake. Akinikuta ku barabara, anaingia mu majani, na mie nageuka. Sasa, mu hii muzunguko yenu, majani iko wapi?"

Watu wakalipuka tena, lakini safari hii karani alinyanyua mkono na kuwanyamazisha, akamweleza Bwana, na maelezo yake yakawa marefu kuliko swali, akinionyesha mimi, akimwonyesha yeye, akionyesha Butembo kule mbali (nadhani alimwambia na kwao ni vile). Bwana Kamba akakunja uso, kisha akaukunjua, kisha akaanza kuuliza, na mimi mwenye aibu zangu zote nikajikuta nimetega sikio, maana lo, kumbe na yeye ni mdadisi. Kila mwanamume ana mama mkwe? Kila mmoja, Bwana. Na hao mama wakwe wanakuja sokoni? Siku ya soko, wote. Na madereva wa kamio nao? Madereva ndio wenye wengi.

"Sasa anauliza tufanye nini," karani akasema.

Mama mkwe wangu hakungoja mtu mwingine ajibu. "Atusogeze bamama nyuma. Hatua kumi. Kamio itoke kwanza mu muviringo, inyooke, ituone, na sisi tuione. Pale mulituweka, tunaona kamio wakati imeisha kufika ku vidole. Mama Veronika alikuta mukwe ku barabara? Hapana. Ile siku ilikuwa kamio tu, na alivunjika vile vile."

Bwana Kamba alichukua kamba yake, akaenda mwenyewe mpaka kwenye mlango wa Kibati, akapima hatua kumi, akasimama hapo muda, akitazama kushoto na kulia kama anayebeba viazi. Akarudi. Akasema turudie.

Ndiyo, nilishika ungo tena, na wino mpaka kwenye nyusi. Nikaingia, nikapita mlango wa soko, nikatoka mlango wa Kibati, na hatua kumi mbele yangu akina mama wamesimama pamoja, nafasi ipo, nikapunguza mwendo, nikageuza uso upande wangu, naye akageuza wake, nikapita, wakavuka. Sikunguruma.

Seng'enge haikuwekwa. Mzunguko ulijengwa kwa mawe yetu wenyewe, na njia ya akina mama ikawekwa nyuma hatua kumi, na pale wengi walivuka salama.

Lakini jioni ile nilipofika nyumbani, Stefania, mke wangu, alikuwa amekwisha kusikia kila kitu. Nilingoja acheke. Hakucheka, akaniwekea beseni la maji ya moto ya kunawa wino, akasema mama yake alipita hapo mchana na kumwachia neno moja tu la kunipa.

"Alisema, ambia bwana yako, siku ingine akiulizwa, ajibu."

Basi. Nilikaa na lile beseni mpaka maji yakapoa. Kuzunguka mara saba, hilo nililisamehe zamani, hata mimi nalicheka. Lakini mwanamke yule alilea haya yake tangu usichana, akaivunja mbele ya mji mzima ili wenzake wasitembee juu ya mawe, wakati mimi nilikuwa tayari waende, mradi nisione aibu. Tangu siku ile, nikiulizwa jambo mbele za watu, nasema ninachokijua, hata nikiona aibu. (Kuinua mkono niwe wa kwanza, hilo hapana, sitarudia tena mpaka naingia kaburini.)