Buluu Juu ya Boma la Nyar Karungu

Jina lake la ubatizo ni Emmaculate, lakini pale Kisegi hulisikii ila katekista anapolisoma. Watu humwita Nyar Karungu, binti wa Karungu, kwa kuwa alitoka huko upande wa Migori akaja kuolewa na Gordon, mvuvi aliyekuwa na mashua yake mwenyewe. Walijenga ufuoni kabisa mwa ziwa. Omena, dagaa wa ziwani, ilitoka majini ikaanikwa mbele ya mlango, na watoto walijifunza kuogelea kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati.

Kisha ziwa likapanda. Majirani walipoanza kuhama, Gordon alisema, "Litarudi. Huwa linarudi." Nyar Karungu akamwamini, maana hata kwa macho yake aliona maji bado yako mbali. Yakaingia chooni, yakaingia shamba la mihogo, yakaingia jikoni. Siku waliyoondoka alitembea amebeba godoro lililolowa nusu, likimdondokea mgongoni njia nzima, na ziwa halikuwarudishia kile kipande cha ardhi.

Wakapanda juu, kwenye shamba la baba yake Gordon chini ya vilima vya Gwassi, wakaanza upya kwa mabati na udongo. Gordon hakuifaidi nyumba hiyo sana. Alishikwa na ugonjwa wa kifua, na wakamzika pale pale mbele ya mlango wake mpya. Nyar Karungu akabaki akiuza omena sokoni na kulima karanga, na polepole akaanza kuyazoea maisha ya kuliona ziwa kwa mbali.

Ndipo ikaja ile ramani.

Naibu wa chifu aliita baraza sokoni. Aliyekuja na ramani ni msichana wa mradi mmoja ulioko mjini Homa Bay, Sheila Mokaya, Mkisii, kwa hiyo baraza lilikwenda kwa Kiswahili. Aliibandika kwenye ukuta wa kinu cha posho akaeleza kwamba imetengenezwa kwa picha ya setilaiti. Palipo na buluu ni mahali palipoonekana pana maji. Wenye nyumba ndani ya buluu watasaidiwa kuhamia mahali salama kabla ya mvua ndefu.

Watu wakasogea. Walter, mdogo wake Gordon, aliyewahi kuwa dereva wa lori na anayejua kusoma ramani, alifuata barabara kwa kidole, akapita kanisa, akasimama. Mbali na ziwa kubwa, peke yake, kulikuwa na doa la buluu lenye umbo la kiazi kitamu.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "hapa ni kwako."

Wengine walibisha. Mzee mmoja wa ufuoni alisema ardhi yake haina maji hata ya kunywa. Nyar Karungu hakubisha. Mara ya kwanza alikuwa ameyaamini macho yake, na macho yake yakamponza. Kama kuna chombo huko juu kinachoona ziwa likija, yeye ni nani wa kukikatalia? Alimshukuru yule msichana, akarudi nyumbani.

Kilichomkosesha raha hakikuwa nyumba. Nyumba huvunjwa na kujengwa. Lakini kwa Wajaluo boma ni la yule aliyezikwa ndani yake, na Gordon hangeweza kubebwa kama godoro. Walter alipokuja kumtembelea aliuliza mara moja tu, "Sasa tutamwacha ndani ya maji?" Chai ikapoa.

Msimu huo hakupanda karanga. Alimpigia simu mwanawe Bravin, fundi wa magari mjini Migori, aliyekuwa amejiandaa kuja kujenga nyumba yake bomani, akamwambia angoje. Akanunua omena chache kuliko kawaida, kwa sababu hakujua atazianika wapi mwezi ujao. Jirani zake walidhani amekonda kwa malaria.

Hatimaye, asubuhi moja, akachukua nyundo na ngazi, akaanza kung'oa mabati ya jikoni. Alikuwa ameshatoa matatu aliposikia pikipiki ikizimwa langoni.

"Hodi, mama."

Alikuwa Sheila, na kishikwambi kwapani na matope hadi magotini. Kazi yake wiki ile ilikuwa kufika mwenyewe kwenye kila doa la buluu.

"Karibu, nyathina, mtoto wangu. Ngoja nishuke."

Sheila alitazama mabati yaliyolazwa chini, akatazama kaburi, kisha akageuka akatazama mteremko wote unaoshuka hadi ziwani. Ufuo ulikuwa mbali, na hapo waliposimama palikuwa juu kuliko hata kanisa.

"Mama, maji ilifika wapi hapa?"

"Haijafika bado."

"Bado?"

"Itafika. Si nyinyi mliona?"

Sheila akakunja uso. "Hapana, mama. Hiyo picha haioni mambo ya kesho. Ni picha ya siku moja iliyopita. Setilaiti ilipita hapa juu asubuhi, ikapiga picha, na siku hiyo tukaona maji hapa. Imesimama. Hapa hapa."

"Siku gani?"

Sheila akafungua kishikwambi, akamtajia tarehe. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Mei uliopita.

Nyar Karungu akaketi juu ya kinu chake cha mbao kilichopinduliwa. "Hiyo ni siku ya kumbukumbu ya bwanangu," akasema. "Wamama wa kanisa walikuja asubuhi. Walikaa chini hapa, kwa nyasi, na vitenge vyao vizuri. Maji gani hiyo wangekalia?"

"Asubuhi saa ngapi?"

"Padri alianza misa saa nne. Mpaka saa sita tulikuwa hapa."

Sheila naye akaketi chini, akainama juu ya kishikwambi, akiivuta picha kwa vidole viwili, akiisogeza huku na huku. Nyar Karungu alimwacha, akaenda kumletea maji ya kunywa. Aliporudi alimkuta msichana ameshika mdomo.

"Mama, kuja uone. Mimi ndiye nilichora hii ramani, na nimekosea."

Akamwonyesha picha yenyewe, kabla haijatiwa rangi. Ziwa lilikuwa jeusi, vilima vya kijani. Kwenye ile ardhi yake palikuwa na kile kiazi kitamu, cheusi kama ziwa. Na kando yake kidogo, upande wa vilimani, palikuwa na kiazi kingine kama hicho, chenye upinde ule ule na ncha ile ile, ila hiki kilikuwa cheupe pepepe.

"Hii nyeupe ni nini?"

"Wingu."

Sheila alieleza polepole, akichora kwa kijiti kwenye vumbi. Setilaiti ya namna hii haina taa yake. Inategemea jua, kama jicho la mtu. Mwanga wa jua unagonga ardhi, unaruka kurudi juu, na ile mashine inaukusanya huku ikienda, mstari baada ya mstari, kama mtu anayefagia uwanja akirudi kinyumenyume. Hukusanya hata mwanga ambao macho yetu hayauoni. Katika mwanga huo majani hung'aa sana, na maji huonekana meusi, kwa sababu maji huumeza mwanga wala hayaurudishi.

"Kwa hivyo mimi niliambia kompyuta, kila mahali peusi andika maji. Lakini setilaiti inapita hapa kama saa nne na nusu asubuhi. Jua bado liko upande huu, mashariki. Wingu likikaa hapa, kivuli chake kinaanguka hapa, magharibi." Akagusa ardhi mbele ya miguu yao. "Hapa kwako. Mwanga haukufika, kwa hivyo haukurudi. Kompyuta ikadhani ni ziwa."

Nyar Karungu aliitazama ile michoro ya vumbini, kisha akainua uso kutazama juu, ambako mawingu mawili matatu yalikuwa yakipita kama kawaida yao. Alikumbuka. Wakati wa misa jua lilijificha kidogo, na mama mmoja, Marcella, akasema afadhali, maana kipara cha padri kilikuwa kikiungua.

"Ni kivuli," akasema.

"Ni kivuli, mama. Lakini ngoja nihakikishe. Setilaiti inarudi kila baada ya siku chache, na picha zote zimehifadhiwa. Nikirudi ofisini nitaziangalia zote, hata za ile miezi ya mvua kubwa. Sitaki kukudanganya mara ya pili."

Siku alizongoja zilikuwa ndefu, lakini hakung'oa bati jingine. Sheila hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, akafika Walter na Bravin wakiwa bomani. Alikuwa amezitazama picha za miaka mitatu, kila ambayo haikuzibwa na mawingu. Ile ardhi ilikuwa ya kijani, au ya kahawia wakati wa kiangazi, na haikuwa nyeusi siku nyingine yoyote. Aliitandaza ramani mpya mezani. Ufuoni buluu ilikuwa bado ipo, na yule mzee mbishi bado alikuwa ndani yake. Kiazi kitamu hakikuwapo.

Walter alivua kofia. Bravin alicheka, akatoka nje haraka, na wote wakajifanya hawajaona anafuta macho. Nyar Karungu alisimama, akaenda hadi kaburini, akang'oa magugu yaliyokuwa yameota tangu alipoacha kupashughulikia. Alipomaliza alirudi akamshika Sheila mikono yote miwili.

"Ero kamano, nyathina. Asante. Wengine wangenyamaza."

"Nilikuwa nakusumbua bure, mama."

"Ulirudi. Sasa huendi kabla ya kula."

Walikula sangara wa kukaanga na ugali wa mtama pale nje. Mwili wa Nyar Karungu ulikuwa mzito, ule uzito mtamu wa mtu aliyetua mzigo, na baada ya kula alitandika mkeka, akanyoosha miguu, akafungua kanga iliyombana kiunoni. Kisha akakumbuka kitu, akainua kichwa.

"Sheila, hiyo kitu yenu inaweza kuniona hapa nikilala?"

"Haiwezi, mama. Nukta moja ya picha ni mita kumi kwa mita kumi. Nyumba yako nzima ni nukta moja hivi. Wewe, mkeka, sufuria, sisi wote, ni rangi moja tu iliyochanganyika."

"Ni sawa," akasema Nyar Karungu, akalala chali, mdomo wazi, akaanza kukoroma kabla Walter hajamaliza kuosha mikono.