Wewe Uko Karibu

Mwaka jana, siku ya pili ya Januari, niliandika malengo yangu kwenye daftari la mistari kama yale wanayotumia wanafunzi wangu wa darasa la nne. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, naishi peke yangu kwenye vyumba viwili vya kupanga Kijenge, nafundisha shule ya msingi hapa mjini Arusha. Niliandika kwamba nitafanya mitihani miwili iliyobaki ya shahada yangu ya ualimu, ambayo nilikuwa naisoma kwa njia ya masafa kwa mwaka wa sita. Niliandika kwamba nitapanda Mlima Meru, hata kama nitaishia kwenye kibanda cha kwanza cha wapandaji, kwa sababu nimezaliwa kwenye miteremko yake na sijawahi kufika popote juu ya mashamba ya watu. Mengine yalikuwa yale ambayo kila mtu huandika na kuyasahau kabla ya Pasaka.

Mwaka ulipokwisha sikuwa nimetimiza hata moja. Watu wakiniuliza nawajibu kwamba mwaka ulikuwa mgumu, na jibu hilo limeanza kunikera mimi mwenyewe. Ndiyo maana naandika ilivyokuwa.

Mwezi wa tatu baba alipata kiharusi. Alikuwa anaishi peke yake nyumbani kwetu, juu ya Tengeru, kwenye migomba na kahawa alizoachiwa na babu. Mama alikuwa amefariki miaka tisa kabla. Asubuhi hiyo alikwenda kupogoa kahawa, na jirani yetu, mama mmoja mjane, akamkuta amelala ubavu kati ya mashina, macho wazi, mkasi wa kupogolea bado mkononi. Alikaa hospitali wiki mbili. Alipotoka, mkono na mguu wa kulia ulikuwa hausikii, na maneno yalimtoka kwa shida, ya Kimeru yakitangulia na ya Kiswahili yakifuata kama yakikumbukwa.

Tumezaliwa watatu. Kaka yangu mkubwa anafanya kazi Dodoma. Mdogo wangu wa kike ameolewa Mwanza na ana watoto wawili. Mimi niko katikati, niliachika zamani na sikujaliwa mtoto. Siku baba anaruhusiwa, tulikaa wote watatu kwenye benchi nje ya wodi, na kaka akasema neno ambalo wakati ule sikuliona ubaya.

"Wewe uko karibu," aliniambia. "Sisi tutasaidia kwa mbali."

Nikaitikia. Nilirudisha vyumba vya Kijenge kwa mwenye nyumba na kuhamia kwenye chumba nilicholala nikiwa msichana. Kila siku niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikamgeuza baba, nikamsafisha, nikamnyoosha mkono na mguu kama nilivyofundishwa hospitali, nikampikia mtori mwepesi wa ndizi na kumlisha. Saa moja yule jirani mjane alikuja kukaa naye, nami nikashuka Tengeru kupanda gari la kwenda kazini. Jioni nilirudi kuanza upya. Julai kulipokuwa na baridi na ukungu haukuinuka mpaka mchana, nguo zake hazikukauka, nikawa nazianika jikoni juu ya moto, na yeye akikasirika kwamba zinanuka moshi.

Kwa sababu baba hakuwa mgonjwa mpole. Alikuwa mtu wa kuamka kabla ya wote, na sasa alilazimika kungoja binti yake amfunge vifungo. Alikataa kuogeshwa na mtu mwingine yeyote. Yule mjane alipojaribu siku moja, baba alimsukumia maji ya beseni. Nilimpenda baba yangu, na kuna asubuhi nyingi nilimchukia. Nimejaribu kuliandika hili kwa maneno mengine nikashindwa.

Mtihani wangu wa kwanza ulikuwa Juni, na bila huo wa pili haufanywi. Nilikuwa nimesoma na mwalimu mwenzangu aliyekuwa na mtihani huo huo, mama wa makamo kutoka familia ya Kiislamu ya pale Kaloleni, ambaye ukoo wake ulitoka Tanga enzi za babu zake. Mwaka uliotangulia tulikuwa tukijisomea pamoja ofisini baada ya vipindi, tukila kashata alizotengeneza mwenyewe. Asubuhi ya mtihani, nikiwa nimeshavaa, baba alijaribu kunyanyuka kitandani bila kuniita na akaanguka. Alichanika juu ya jicho. Nilipomaliza kumshonesha nyuzi zahanati, mwenzangu alikuwa ameshatoka chumba cha mtihani. Alinipigia simu, akanipa pole, hakuniambia maswali yalikuwaje. Novemba alihitimu. Nilikwenda kwenye mahafali yake, nikampiga picha nyingi akiwa na joho, nikampigia makofi mpaka viganja vikauma, halafu nikaingia chooni nikalia huku maji ya bomba yakitiririka ili nisisikike.

Lakini lazima niwe mkweli. Kabla ya kiharusi nilikuwa na Januari na Februari, miezi miwili mizima, baba mzima wa afya, mimi mzima wa afya, na sikufungua kitabu hata mara tatu. Mlima nao nilikuwa nimeshauahirisha mara mbili, mara viatu, mara mvua. Baba alipougua, nilipata sababu ambayo hakuna mtu angeihoji. Na mwenzangu, ambaye ana watoto wanne na mume mwenye sukari, alisoma. Jambo hilo ndilo lililoniudhi zaidi mwaka ule, kuliko hata kaka.

Ingawa kaka naye alifanya sehemu yake ya kuniudhi. Alikuja Krismasi na familia yake, akafika amechangamka, akamsalimia baba, "Shikamoo baba," akamshika mkono ule usiosikia, akautikisa. Mdogo wangu alikuja na watoto. Nyumba ilijaa. Siku mbili baada ya sikukuu, mchana baada ya kula, kaka alituita sebuleni kwa kikao cha familia. Alikuwa amechapisha karatasi ofisini kwake, zimebanwa vizuri pembeni, juu zimeandikwa tathmini ya mwaka na malengo ya mwaka ujao. Alitugawia kila mmoja yake. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na hakupewa.

Akasoma kwa sauti. Katika mafanikio ya mwaka aliandika kwamba afya ya baba inaendelea vizuri chini ya uangalizi wa familia. Kisha malengo: kung'oa kahawa zilizozeeka na kupanda parachichi, kuweka vigae kwenye kaburi la mama, kusali pamoja kwa simu kila Jumapili jioni. Baba aliposikia habari ya kung'oa kahawa alitoa sauti, na kaka akamwambia asiwe na wasiwasi, watazungumza. Lengo la nne lilikuwa mstari mmoja tu. Lilisema dada aendelee kumhudumia baba.

Niliusoma mara mbili. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Hakuna aliyekuwa ameniuliza mwaka wangu ulikuwaje, wala kama mimi nina lengo lolote la kwangu, na nilikuwa nimekaa pale na sinia la chai magotini kama mtumishi aliyeambiwa asikilize kidogo.

"Nifute hapo," nilisema.

Kaka alidhani nimekosea mstari. Nikarudia. Nikamwambia kwamba nimefanya miezi tisa, na kwamba mwaka unaokuja kila mmoja atachukua zamu yake, hapa au kwake, atakavyoona. Shemeji yangu, mke wa kaka, aliinama akaanza kuwaangalia watoto waliokuwa wakicheza nje. Mdogo wangu aliuliza kwa sauti ndogo sasa nani atakaa na baba shule zikifunguliwa. Kaka akaeleza kazi yake, safari zake, ghorofa wanaloishi ambalo halina lifti. Alieleza kwa upole, kama mtu anayemfafanulia mtoto hesabu.

"Wewe uko karibu," alimalizia.

"Niko karibu kwa sababu nilihamia humu," nilimjibu. "Sikuzaliwa karibu kuliko wewe."

Hapo ndipo ilipoharibika. Alisema nimebadilika. Nilisema maneno kuhusu yeye na mama yetu, jinsi alivyofika siku ya mazishi na kuondoka kesho yake, ambayo nilikuwa nimeyaweka miaka tisa na ambayo hayakuhusiana na kikao. Baba akaanza kupiga egemeo la kiti kwa mkono wake mzima. Tulinyamaza tukidhani anataka kusema neno la kutupatanisha. Alitaka kupelekwa msalani. Nikanyanyuka nikampeleka, maana nani mwingine angempeleka.

Asubuhi iliyofuata kaka aliondoka, siku moja kabla ya aliyopanga. Alimuaga baba. Mimi aliniachia salamu kwa mdogo wangu.

Mdogo wangu alibaki. Bila kunishauri, alipasha maji akaingia chumbani kwa baba na beseni. Nilikaa jikoni nikasikiliza. Nilisikia baba akifoka kwa Kimeru, nikasikia beseni likigonga sakafu. Sikwenda. Najivunia kwamba sikwenda, na najionea aibu pia. Baada ya muda mrefu alitoka ameloa mpaka kifuani, macho mekundu, akaniambia amemaliza kumuogesha, mgongo tu ndio hakufika vizuri.

"Kila siku iko hivi?" aliniuliza.

Nikamwambia siku nyingine ni mbaya kidogo, siku nyingine anaimba. Alikaa kwenye kigoda akavua kanga iliyoloa na kuikamua mlangoni. Akasema hawezi kuhama Mwanza, lakini ana likizo yake ya mwaka Juni, atakuja mwezi mzima, watoto atawaacha kwa baba yao. Sikumshukuru. Nilimuuliza kama ana uhakika. Akasema ana uhakika kiasi.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya sikwenda ibadani, nililala. Siku ya kwanza ya Januari nilichukua karatasi ya kaka, nikaigeuza upande mweupe, nikaandika lengo moja, kufanya mtihani wa Juni. Mlima nimeuacha. Siyo kwamba siutaki, ila nimechoka kujidanganya kwa maandishi mazuri. Chini yake niliandika sura nitakazosoma kila juma kuanzia juma hilo hilo. Wiki ya kwanza nilitimiza. Ya pili nilitimiza nusu.

Jumamosi ya tatu nilimwomba jirani akae na baba, nikashuka mjini kujiandikisha upya. Karani alinipa fomu yenye nafasi ya kueleza kwa nini sikufanya mtihani uliopita. Niliandika ugonjwa wa mzazi. Ni kweli, na hakukuwa na nafasi ya kuandika zaidi. Kaka hajanipigia mpaka leo. Kwenye kundi letu la simu la familia alituma picha ya miche ya parachichi, na mdogo wangu akaipenda, mimi nikaiacha.

Niliporudi nyumbani jua lilikuwa bado juu ya migomba. Baba alikuwa nje kwenye kiti, blanketi miguuni, akitazama kahawa zake. Nilimwambia nimejiandikisha, na kwamba Juni nitakuwa na mtihani na nitalala mjini kwa yule mwenzangu juma zima.

Mdomo wake ulitafuta neno.

"Na mimi?"

"Utakuwa na mdogo wangu, baba."

Aligeuza uso upande wa pili. Niliingia jikoni nikamenya ndizi, nikapika mtori, nikamletea. Alikataa kijiko cha kwanza na cha pili. Cha tatu alikipokea, bila kunitazama.