Farasi Alikunywa Kwanza

Nawataja wote waliokuwepo siku ile, maana tulikuwa wanne tu: mimi, mdogo wangu Furaha, mdogo wetu wa mwisho Noela, na jirani yetu Mama Veronika, mwanamke wa Mahagi aliyeuza makayabo, samaki wa chumvi kutoka Tchomia, kule ziwani. Wazazi wetu walikuwa wamefariki. Mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa, yaya wao, niliacha shule mapema nikawalea wadogo zangu hapa Bunia. Kila asubuhi Mama Veronika alianika samaki kwenye mkeka uani kwetu, nasi tukawalinda. Vichwa na vipande vilivyovunjika vilikuwa chakula chetu. Kingine hatukuwa nacho.

Mwanangu, siku hiyo jua liliwaka kweli. Nikamwambia Furaha, "Baki na Noela. Narudi sasa hivi." Nikakimbilia sali ya video, chumba cha kuonyeshea filamu; walikuwa wanaonyesha filamu ya makoboyi, wale wapanda farasi wa jangwani.

Sitakudanganya, ilikuwa tamu. Hata leo naiona. Mchanga mwekundu hadi mwisho wa macho, na mimea ya miiba iliyosimama kama watu walioinua mikono. Mjusi aliinua mguu huu, kisha ule, kwa sababu chini kulimchoma. Kulikuwa na nyoka anayelia kwa mkia, na tai wakizunguka juu. Sisi wa huku, ambako ukisahau jembe shambani majani hulifunika, tulishangaa kuona nchi isiyo na jani. Mpanda farasi aliivuka siku tatu bila maji, mpaka akafika kisimani. Nikasikia mabati yakinguruma juu yetu, nikadhani ni kwato.

Ilikuwa mvua.

Nilipofika nyumbani, Furaha alikuwa amelala kifudifudi juu ya samaki, amewafunika kwa mwili wake. Noela alishika sufuria juu ya kichwa cha dada yake. Hata hivyo nusu ya samaki walikuwa wameloa, chumvi imekwenda na maji.

"Yaya, ulisema sasa hivi," Furaha akasema, meno yakigongana.

Mama Veronika akaja. Nikangoja atufukuze kazi. Akaketi, akasema, "Kwanza uniambie. Uliona nini kule mpaka ukasahau mvua?"

Nikamsimulia yote. Nilipofika kwa mjusi, alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. "Maskini, kumbe naye iko nacheza muziki!" Kisha akauliza, "Na ule mutu wa farasi, wakati alifika ku maji, nani alikunywa wa kwanza?"

"Farasi yake, Mama."

"Njo vile. Lakini weye ulikunywa wa kwanza, mutoto akabaki mu mvua."

Akainuka. "Kesho mutaanika tena. Lakini uko na deni yangu: siku moja utanionyesha ile inchi, na ule mujusi."

Mwanangu, furahia filamu. Raha si kosa. Lakini hakikisha kwanza kwamba anayekutegemea amekunywa, ndipo nawe uiname. Hivyo ndivyo nilivyowalea wale wawili mpaka wakawa na nyumba zao. Mungu akupe macho ya kufurahia nchi za mbali, na masikio ya kusikia mvua ya kwako.

Mama Veronika alihamia Tchomia zamani, sasa ni bibi kizee. Filamu ile iko kwenye simu yangu, mjukuu ameipata. Barabara ya Tchomia ikikauka, nitakwenda. Yule mjusi bado sijamwonyesha.